Nani Aliulisha Udongo wa Tukuyu?

Wasafiri wanaoteremka kutoka Uyole kwenda mpakani Kasumulu huanza kuusifia udongo kabla hawajaufikia mji wa Tukuyu. Viazi mviringo vya Isongole vinapita, chai ya Katumba inapita, halafu migomba inashika pande zote mbili za barabara, na ndani ya basi hakosi mtu wa kusema kwamba huku hata ukichomeka fimbo itaota. Mpuguso, kata ya Wilaya ya Rungwe inayofahamika zaidi nchini kwa chuo chake cha ualimu, imo ndani ya sifa hiyo: mvua isiyokatika, ndizi zisizoisha, na udongo wa volkano usiodai chochote.

Hilo la mwisho si kweli.

Udongo wa Rungwe umekuwa ukidai siku zote, na kila kizazi kimeulipa kwa namna yake. Wa kwanza walilipa kwa majivu, samadi na nyasi zilizofukiwa. Waliofuata walikwenda migodini na kuulipa kidogo, kisha wakalipa kwa mifuko ya mbolea ya chumvichumvi iliyoletwa na serikali. Malipo yalipokatika, mavuno yalishuka. Rutuba ya Tukuyu ina wenyewe, nao waliitolea jasho.

Mlima ulitoa, mvua ikachukua

Milima mitatu ndiyo iliyouumba udongo huu. Rungwe wenyewe una urefu wa karibu mita 2,960. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita ulilipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi na majivu juu ya eneo kubwa la nyanda hizi. Ngozi, ambao leo umebeba ziwa kwenye kreta yake, ulilipuka pia ndani ya miaka elfu moja iliyopita. Kiejo ndio wa mwisho: takriban miaka 200 iliyopita ulitoa mtiririko wa lava ambao wanajiolojia wanauona waziwazi hadi leo. Kwa mizani ya ardhi, hayo ni mambo ya juzi.

Majivu ya volkano yakioza hutoa udongo mweusi, mwepesi, unaoshika maji na kulimika kwa jembe la mkono bila taabu. Hapo ndipo sifa ilipozaliwa. Lakini Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo haipiti bure. Hushuka na kalisi, magnesi na potasi, ikiziosha kutoka tabaka la juu mpaka mizizi ya mahindi isizifikie. Kinachobaki ni udongo wenye tindikali na aluminiamu nyingi.

Kuna mtego mwingine ambao macho hayauoni. Udongo wa majivu ya volkano huishika fosforasi na kuifunga. Mkulima anaweza kumwaga mbolea ya kupandia, ikaingia ardhini, na sehemu kubwa ikabaki imeshikwa na chembe za udongo huku mmea ukidumaa na majani yakigeuka zambarau. Kipimo cha maabara kitaonyesha fosforasi ipo. Mmea utaonyesha haipo. Dawa ya zamani ya tatizo hili ni mboji: vitu vinavyooza hukaa mahali palepale ambapo fosforasi ingefungwa, nayo ikaachwa huru. Wakulima wa Rungwe walikuwa wakifukia vitu vinavyooza muda mrefu kabla ya maabara yoyote kueleza sababu.

Ng'ombe, migomba na majivu

Mwaka 1879 kijana wa Kiskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alikuwa ameshika uongozi wa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza baada ya kiongozi wake, Keith Johnston, kufa njiani. Nchi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, ilimvutia kuliko nyingi alizopita. Aliandika juu ya nyumba zilizojengwa kwa ustadi, viwanja vilivyofagiliwa, na migomba iliyozunguka makazi. Kama wageni wengi baada yake, aliyaona mandhari hayo kama zawadi ya maumbile.

Walioangalia kwa karibu zaidi walikuja nusu karne baadaye. Godfrey Wilson alianza utafiti wake Rungwe mwaka 1934, na mkewe Monica, aliyezaliwa Lovedale huko Afrika Kusini, akaungana naye mwaka uliofuata. Walikaa na kuandika mpaka 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica akaendelea kuyachapisha waliyoyakusanya, na kitabu chake cha Good Company cha mwaka 1951 kikaifanya Rungwe ijulikane katika vyuo vikuu vya dunia kwa sababu ya jambo moja: vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kama kumi au kumi na moja waliacha kulala kwa wazazi, wakajenga kijiji chao pembeni, wakakua humo pamoja, wakaoa na kukaa humo.

Wasomaji wengi waliishia kwenye ajabu hiyo ya kijamii. Mtu wa kilimo akikisoma kitabu hicho anaona pia jinsi utaratibu ule ulivyolisha mashamba.

Ng'ombe walilala ndani, upande mmoja wa nyumba ndefu za Kinyakyusa. Kila asubuhi zizi lilifagiliwa na samadi ikapelekwa kwenye migomba iliyoizunguka nyumba. Majivu ya jikoni na maganda yalikwenda kukohuko. Mgomba ulikula kila siku, ndiyo maana ungeweza kukaa mahali pamoja miaka mingi. Wavulana wadogo walichunga ng'ombe wa baba zao kwa pamoja. Walipopevuka waliwaachia wadogo zao uchungaji, wakashika jembe kulima mashamba ya baba, na kula chakula cha mama zao. Tofauti na sehemu nyingi za Afrika ambako jembe liliachiwa wanawake, huku kazi nzito ya kulima ilikuwa ya wanaume na vijana, nao wanawake walipanda, wakapalilia na kuvuna. Kwa hiyo kijiji cha rika kilikuwa pia akiba ya nguvu za kugeuza udongo.

Nguvu hizo zilihitajika, kwa sababu shamba la mbali na nyumba halikupata samadi. Huko nyasi zilikatwa, zikalazwa na kufunikwa kwa udongo kwenye matuta ili zioze chini. Ulezi ulipandwa penye majivu ya nyasi na vichaka vilivyochomwa. Mazao yalipokezana, na wakulima walizijua aina za udongo wa nchi yao na zao linalofaa kwa kila aina.

Rungwe haikuwa peke yake katika elimu hii. Kusini mashariki, kwenye miteremko ya Mbinga, Wamatengo walitengeneza ngoro: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, hufunikwa kwa udongo, na katikati hubaki shimo la kukusanya maji na takataka. Ufipa kulikuwa na matuta ya mviringo ya kuozesha nyasi. Nyanda zote za kusini zilikuwa na watu waliojua kwamba udongo wao, hata ukiwa mweusi, una njaa.

Kahawa yafunga mipaka

Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Wamisionari wa Berlin nao wakaingia Unyakyusa. Wajerumani walianza utawala wao ufukoni mwa ziwa, kisha wakahamia juu penye baridi na kupaita Neu-Langenburg. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasaland yaliuteka mji huo, na jina la Tukuyu ndilo lililobaki.

Kahawa ya arabika ilipoingia kwenye mashamba ya wenyeji, ikihimizwa na serikali ya Waingereza katika miaka ya baina ya vita viwili vikuu, ilileta fedha ya kodi, bati na ada za shule. Ilileta pia kitu ambacho wengi hawakukitarajia: shamba lisilohama. Mti wa kahawa hukaa miongo kadhaa, na mwenye nao hakubali kijiji kihame wala kijana wa rika jingine apewe kipande chake. Ardhi iliyokuwa ikigawiwa upya vizazi vilipopokezana, chini ya malafyale, yaani chifu, na wakuu wa vijiji, ikaanza kurithiwa na mtoto kutoka kwa baba. P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1950, alieleza jinsi kahawa huku juu na mpunga bondeni Kyela vilivyoifanya ardhi kuwa haba, na jinsi vijiji vya rika vilivyokuwa vikifa kwa kukosa mahali pa kujengwa.

Vijana walitafuta riziki kwingine. Kwanza ilikuwa dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, maelfu walivuka mpaka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na dhahabu ya Afrika Kusini. Kila kijana aliyeondoka aliacha matuta ambayo hakuna aliyeyafukia nyasi. Malisho nayo yalipungua kadiri migomba, kahawa na nyumba zilivyoongezeka, na ng'ombe wakapungua pamoja na samadi yao. Mshahara wa mgodini ulirudi kama baiskeli, cherehani, mahari na matofali. Kilichorudi udongoni kilikuwa kidogo.

Serikali ya kikoloni iliona udongo wa Tanganyika unaharibika, lakini ilikuwa na jibu la aina moja: amri. Watu waliamriwa kuchimba makinga maji, kuacha kuchoma nyasi, kupunguza mifugo. Uluguru amri za kuchimba matuta ya ngazi zilizaa vurugu mwaka 1955, na mpango ule ukafa. Amri zile zilihusu kuuzuia udongo usihame. Kuhusu kuulisha pale ulipo zilisema machache.

Chai na mfuko wa mbolea

Kilomita chache kutoka Tukuyu ipo Kyimbila, ambako chai ilipandwa mwaka 1904, miaka miwili baada ya ile ya majaribio ya Amani kule Usambara. Mmisionari wa Kyimbila, Adolf Stolz, alikusanya maelfu ya sampuli za mimea ya wilaya hii, hata jamii moja ya okidi ikapewa jina la Stolzia kwa heshima yake. Chai ya biashara ilianza nchini mwaka 1926, na kwa miongo kadhaa ilikuwa zao la masetla na makampuni.

Chai inapatana na Rungwe kwa sababu haiogopi tindikali. Inaitaka. Aluminiamu inayoumiza mizizi ya mahindi haiisumbui. Lakini mkulima huchuma jani changa, na jani changa ndiko mmea unakoweka naitrojeni yake. Kila kikapu kinachopelekwa kiwandani ni naitrojeni iliyoondoka shambani, kwa hiyo chai bila mbolea ya kukuzia hupungua mwaka baada ya mwaka.

Baada ya Uhuru serikali iliamua chai iwe pia ya wakulima wadogo. Mamlaka ya Chai Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Rungwe, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli, ikawa moja ya ngome zake. Mkulima alipewa miche, bwana shamba wa kumfundisha kuchuma, gari la kukusanya majani, na mbolea kwa mkopo uliokatwa kwenye malipo ya jani. Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi. Miaka michache baadaye bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, pamoja na mbolea ya ruzuku, vikazifanya Nyanda za Juu Kusini kuwa ghala la Taifa. Watu waliozoea kutegemea samadi walihimizwa kununua chumvichumvi, nao walinunua, kwa sababu ilikuwa rahisi na mahindi yaliitikia.

Hapo ndipo hesabu ya udongo ilipoanza kuchanganyika. Mbolea zenye amonia, kama ile ya SA (salfeti ya amonia), na hata urea, zikitumika mfululizo bila chokaa huongeza tindikali. Kwenye chai hilo lilivumilika. Kwenye mahindi na maharage ya jirani, udongo uliokuwa tayari na tindikali ulizidi kuchachuka, na fosforasi ikafungwa zaidi. Chokaa ya kuuponya haikuwa mbali: miamba ya Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya, ndiyo inayolisha kiwanda cha saruji. Shida ni kwamba chokaa ya kilimo hupimwa kwa tani kwa hekta, wakati mbolea hupimwa kwa mifuko. Mkulima mwenye ekari moja iliyopasuliwa vipande vitatu mteremkoni hawezi kubeba tani kichwani.

Kisha fedha zikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua chini ya masharti ya kurekebisha uchumi, na kiwanda cha Tanga kikafungwa. Mamlaka ya Chai ilichelewesha malipo, magari ya kukusanya majani yakakosa mafuta na vipuri, na mashamba mengi ya wakulima wadogo yakaachwa kuwa vichaka. Wakulima wa chai wa Rungwe walijipanga upya miaka ya 2000 kupitia chama chao na hisa katika kampuni ya Wakulima, iliyochukua viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Lakini kwa karibu muongo mmoja udongo wa wilaya ulikuwa umekosa vyote viwili, ng'ombe wa zamani na mfuko wa serikali.

Ruzuku ilirudi kwa vocha katika msimu wa 2008/09. Kifurushi cha ekari moja ya mahindi kilikuwa na mfuko wa urea, mbegu, na hiari ya kuchagua: mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ya DAP kutoka nje, au miwili ya fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara. Wengi waliikataa Minjingu kwa sababu ilikuwa vumbi linalopeperuka na kuwasha macho. Kwa udongo wa Rungwe walikuwa wanakataa kitu kinachowafaa. Minjingu ni mabaki ya kinyesi cha minandi, ndege wa ziwa la kale, yaliyogeuka mwamba, na mwamba huo huyeyuka vizuri penye tindikali. Udongo chachu unaoiadhibu mbolea ghali huisaga ile ya bei nafuu na kuigeuza chakula. Ndani yake mna kalisi pia, inayopoza tindikali kidogo. Kiwanda kilipoanza kuitoa ikiwa chengachenga, lawama za vumbi zilipungua.

Baadaye ruzuku nyingine ilitangazwa Mbeya kwenyewe. Vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei, mfuko wa kilo 50 wa urea ukavuka shilingi 100,000. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango uliomfikishia mkulima aliyeandikishwa mfuko huo kwa shilingi 70,000. Foleni zilizofuata kwa mawakala zilionyesha jinsi nyanda hizi zilivyoingia kwenye mbolea na kutoweza kutoka.

Bondeni, chini ya michikichi

Rutuba inayooshwa Mpuguso haipotei yote. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inaibeba hadi uwanda wa Kyela, uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe mpaka miaka ya 1970. Safari ni fupi, lakini mtu hushuka kutoka mita 1,500 na ushei hadi chini kabisa karibu na ziwa, mita 500 hivi. Koti linavuliwa njiani, na zao jipya linatokea kati ya mpunga na kakao: mchikichi.

Tukuyu ina mvua ya kuutosha mchikichi, lakini haina joto. Mti huu hustawi penye wastani wa nyuzi 24 hadi 28, na baridi ya mlimani huudumaza. Kyela joto lipo, na mafuriko ya kila masika huleta tope la mlimani. Hivyo mchikichi wa Kyela hula mezani pa Rungwe bila kualikwa. Kwa vizazi kadhaa michikichi imesimama hivyo kando ya nyumba, ikiangushiwa takataka za jikoni na maganda ya mpunga. Matunda yanachemshwa, yanatwangwa, na mawese yanaenguliwa juu ya maji ya moto. Makapi na makokwa hubaki palepale shinani. Mti wa nyumbani hauchoshi udongo kwa sababu kinachoondoka ni mafuta tu, na mafuta yameundwa kwa hewa na maji.

Hesabu inabadilika pale mikungu mizima inapopakiwa kwenye gari kwenda kiwandani. Mkungu wa chikichi umejaa potasi. Ukiondoka na usirudi, ardhi ya mchanga karibu na ufuko huishiwa mapema, ile ya tope hufuata. Mti wenyewe hutoa taarifa: majani ya zamani hugeuka rangi ya chungwa upande unaopigwa na jua magnesi inapopungua, na madoa ya chungwa hutapakaa potasi inapokosekana.

Jambo hili limekuwa kubwa tangu Julai 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipozindua Kigoma kampeni ya kufufua zao la mchikichi ili kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje. Kituo cha utafiti cha Kihinga, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), kilipewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Mbegu hiyo ni tenera, na asili ya elimu yake iko jirani: katika kituo cha Yangambi, kando ya Mto Kongo, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba ukipandisha dura ya kokwa nene na pisifera isiyo na gamba, unapata tenera yenye gamba jembamba na nyama nyingi ya mafuta.

Tenera huzaa zaidi, kwa hiyo hula zaidi. Ukiipanda kwenye udongo uliochoka wa Kigoma au mchanga wa Kyela bila kuulisha, itazaa kama babu yake. Tiba yake inajulikana. Fosfeti ya mwamba na samadi ndani ya shimo la kupandia. Kunde za kutambaa kati ya mistari ili zilete naitrojeni na kuufunika udongo. Makuti yaliyokatwa yalazwe katikati ya mistari yaoze. Mikungu mitupu irudishwe kutoka kiwandani, au majivu yake, ambayo yana potasi nyingi na hupunguza tindikali. Chokaa ya dolomiti pale magnesi inapokosekana.

Kinachokatisha tamaa ni muda. Mchikichi huamua miaka miwili hivi kabla ya mavuno kama ua litakuwa dume au jike, na mti wenye njaa au kiu hutoa madume mengi. Mkulima anayemwaga samadi leo ataona mikungu baada ya misimu miwili au mitatu. Mpango wa mwaka mmoja wa halmashauri utasoma kwamba samadi haikusaidia, na utafungwa kabla mti haujajibu.

Lori la ndizi, ndoo ya maziwa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali inayotoka Rungwe kwa wingi kuliko zote ni ndizi. Malori hupakia mikungu kwenda Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam. Mgomba ni mlaji mkubwa wa potasi, na kiasi kikubwa chake hukaa kwenye tunda na ganda. Zamani ndizi ziliondoka shambani zikaishia jikoni, na maganda yakarudi shinani pamoja na majivu ya kuni zilizozipikia. Siku hizi ganda linatupwa jalalani mjini, hata Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka mgomba uliolizaa. Hakuna bei ya ndizi sokoni inayolipia potasi hiyo.

Upande wa mapato, kilichoiokoa wilaya ni ng'ombe kurudi kwa mlango mwingine. Tangu miaka ya 1980 miradi ya ng'ombe wa maziwa ilisambaza mitamba, na mkopeshwaji akalipa kwa kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Ng'ombe hawa hawachungwi. Hukatiwa majani na migomba iliyovunwa, hulala bandani, na maziwa yao hukusanywa kwenye vituo vya kupoza kwa ajili ya viwanda kama ASAS cha Iringa. Familia nyingi huwahesabu kwa lita. Faida yao nyingine hufagiliwa kila asubuhi kupelekwa mgombani, kama ilivyokuwa ndani ya nyumba ndefu ambazo akina Wilson walizikuta.

Tofauti ipo kwenye idadi na kazi. Ng'ombe wawili bandani hulisha migomba ya kuzunguka nyumba na mistari michache ya kahawa. Hawafikii mahindi ya mteremkoni wala chai. Na kazi ya kubeba samadi, ambayo zamani ilikuwa na kijiji kizima cha vijana, sasa mara nyingi ni ya mama na watoto baada ya shule. Juu yake limeongezeka parachichi la kuuza nje, mti mwingine wa kudumu unaotoa matunda yasiyorudi.

Kwa zaidi ya karne moja, kila zao lililofika Rungwe lilikuta akiba iliyowekwa na watu waliotangulia, likaichota. Kahawa ilikuta mboji ya migomba. Mahindi ya ruzuku yalikuta matuta yaliyofukiwa nyasi. Parachichi linakuta samadi ya ng'ombe wa maziwa, na michikichi ya Kyela inakuta tope la mlima mzima. Waliochelewa kurudisha walilipia baadaye kwa bei ya juu zaidi, ama kwa fedha ama kwa vijana walioondoka.

Kwa hiyo hekta mpya za michikichi zinapopangwa Kyela, na miche ya parachichi inapogawiwa Mpuguso, maofisa kilimo waanze na kipimo cha udongo cha kila kijiji, kisha waandike samadi, majivu, fosfeti na chokaa ya miaka kumi ijayo vitatoka wapi na nani atavibeba hadi shambani. Viwanda vya mawese navyo vifungwe kwa mkataba wa kurudisha mikungu mitupu kwa wakulima. Miche ifuate baada ya hapo.